Barua ya Mpishi wa Xiaobei

Mwaka ule wa tasnifu nilikuwa mtu wa kuchosha. Nilisoma habari za wale Waingereza wa mwanzo walioandika kupinga utumwa, na kila aliyekaa nami mezani alilazimika kuzisikia: walivyoacha kula sukari ya watumwa, walivyozunguka na karatasi za malalamiko wakikusanya sahihi, walivyoeneza picha ya mtumwa aliyepiga magoti, mikono yenye minyororo imeinuliwa. Niliwapenda mno. Nadhani nilijiona mmoja wao.

Meza yenyewe ilikuwa katika mgahawa wa ghorofa ya tatu pale Xiaobei, mtaa wa Waafrika wa Guangzhou nilikosoma, mali ya mama mmoja wa Dar es Salaam. Aliyepika alikuwa dada wa Tanga. Wageni wetu wengi wakifika Guangzhou humkabidhi mwenyeji pasipoti ili akawaandikishe polisi, na mwenyeji mwema huirudisha jioni ileile. Ya dada yule ilikaa kabatini kwa mama miezi minane. Sote tulijua. Tulikula pilau yake, tukasema mama anamtunzia tu.

Siku moja alinijia na ndoo ya vitunguu mkononi, akaniambia mama yake mzazi yu mahututi huko Tanga. Ameiomba pasipoti, na laoban, ndivyo tunavyomwita bosi huku, amemjibu asubiri maonyesho ya biashara ya Pazhou yaishe, wateja ni wengi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, alisema. Akataka nimwandikie barua, wateja watie sahihi, kama Waingereza wangu. Kumbe muda wote alikuwa akinisikiliza kutoka jikoni.

Nilifurahi, na furaha ile inaniaibisha hadi leo. Nilijifungia bwenini siku tatu. Nilifuta, nikarudia, nikatafuta maneno ya kumtoa mtu machozi. Zikawa kurasa nne. Nilipomsomea, alisikiliza mpaka mwisho huku akimenya viazi.

"Kaka, huyu wa barua yako analia tangu mwanzo," akasema. "Tena amepiga magoti. Mimi sijampigia mtu magoti. Andika: pasipoti ni yangu, naitaka leo, nakwenda kumwona mama yangu."

Nikaandika hivyo hivyo, nyuma ya karatasi ya oda. Ilichukua dakika moja. Nilitia sahihi ya kwanza, ingawa mwenye mgahawa alinilea kama mwanawe tangu nilipofika. Kisha nikaisukuma sahani yangu pembeni. Wafanyabiashara waliokuwa wakila walinitazama, wakaitazama karatasi, na mmoja mmoja wakaweka vijiko chini wakatia sahihi. Mama mwenye mgahawa aliisoma akiwa amesimama. Alikwenda kabatini, akarudi na pasipoti, akaiweka mezani bila kututazama.

Dada aliondoka kesho yake. Ujumbe wake ulinifikia nikiwa maktaba: amefika salama, ila mama yake alizikwa jana yake, baada ya alasiri. Hakunilaumu. Alinishukuru, akaniuliza hata kama nimekula.

Sikuweza kusoma tena siku ile. Tasnifu ilikuja kupita, na walimu waliisifu lugha yake. Zile kurasa nne bado ninazo. Ni nzuri kweli, na ndizo zilizomchelewesha.