Kifuniko kisichohitaji nailoni

Leo mashine yangu imetoa vifuniko mia tano vya bidoni, yaani madumu, na vyote vinapwaya.

Vyangu mimi, ambaye mtaa mzima wa Kinama unaniita Papa Milimita.

Nilimwahidi Mama Neema, muuza mawese, kifuniko cha kubana chenyewe, bila kile kipande cha nailoni tunachozungushia shingo ya bidoni isivuje. Nikapima shingo ya bidoni yake mara tatu, ndipo nikachongesha kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki.

Kumbe nilipima shingo nailoni ikiwa bado juu yake. Nimeizoea hadi siioni tena.

Mama Neema alipojaribu kifuniko kimoja kikapwaya, nikajitetea: “Plastiki ikipoa inasinyaa, Mama.”

“Kama ilisinyaa, Papa, mbona kifuniko ni kikubwa?”

Akachana nailoni, akazungushia, akafunga. Kikabana barabara.

Chekeni, ila kwanza tazameni shingo za bidoni zenu.