Herufi Moja Zaidi

Fundi wa mihuri ana vidole vyenye wino ulioishinda kila sabuni. Huokota herufi za mpira kwa kibano, akizinong'onezea kama anayebembeleza vifaranga. Ikifika saa nne asubuhi huweka kazi chini, acheze na binti yake kwa ujumbe wa simu: mmoja anaandika neno, mwenzake anaongeza herufi moja lipatikane jingine. Tangu binti ahamie mbali, mwaka wa tatu huu, mengine hawayazungumzi. Leo fundi alianza na "udi". Binti akajibu "rudi". Fundi akaikodolea macho simu mpaka mteja akakohoa, ndipo akaandika "urudi".

"Baba, unacheza rafu! Hilo halimo kwenye kamusi."

"Najua, mwanangu," akajibu.