Uso Niliousugua kwa Majivu

Nyinyi vijana mnaotaka kila kitu king'ae, nisikizeni. Nikinusa majivu ya jiko namkumbuka baba na sarafu ya kale aliyorudi nayo kutoka vitani, yenye uso wa Yesu. Jumamosi moja niliisugua kwa majivu kama sufuria, ili Yesu aende kanisani akiwa safi. Uso ukafutika. Baba aliigeuzageuza mkononi, akaniambia mimi bintiye, "Mama, umemwosha mpaka akaondoka." Hakunichapa. Afadhali angenichapa.

Leo asubuhi mjukuu wangu aliiweka sarafu hiyo dirishani aipige picha kwa simu, jua likiimulika kutoka kando.

"Shosho, cheki, kuna macho."

Nikayaona. Nikawaambia watu wa nyumba yangu waliokuwa wakiosha vyombo, "Wacheni hivyo vyombo. Kila mtu aje amwone kabla jua halijahama."