Siku Niliyovua Kiatu kwa Wakwe

Kosa langu la kwanza katika kazi ya mabega halikuwa la kisu wala la sindano, lilikuwa la kuvua kiatu. Nimelificha miaka kumi. Wenzangu wakiniuliza nilijifunzia wapi njia ya kurudisha bega kwa mtungi, huwajibu kwamba niliisoma kwa makini kitabuni, na huo ni uongo, kwa sababu ukurasa ule niliuruka, na nisingeurudia kama nisingeaibika kule Nunguni mbele ya watu kama thelathini, akiwemo mwanamke wa mwisho duniani ambaye ningetaka auone mguu wangu.

Wakati huo nilikuwa daktari kijana katika hospitali ndogo upande wa Kikima. Hatukuwa na mpasuaji wa mifupa, na watu walianguka kila wiki, huyu kutoka kwa punda, yule kutoka juu ya mabati, bega linatoka, na wa kulirudisha ni mimi. Nilikuwa na kitabu kimoja cha mifupa, kikuukuu, bila jalada, na sura ya bega niliisoma mpaka nikaikariri (isipokuwa ukurasa mmoja, tutaufikia). Njia niliyoipenda ni hii: mgonjwa analala chali, daktari anavua kiatu, anaweka kisigino kwapani mwa mgonjwa, anashika mkono na kuuvuta polepole mpaka bega liingie. Nilikuwa nimerudisha mabega kumi na moja. Kila moja niliandika kwenye daftari na kujipa alama juu ya kumi, na sikuwahi kujipa kumi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, nimekwenda na baba zangu wadogo wawili nyumbani kwa kina Mwende, mwalimu niliyetaka kumwoa, tukiwa na mbuzi wa kufungulia mazungumzo. Nilijitayarisha kama mtu wa mtihani. Suruali nilipiga pasi mara mbili, viatu nikavisugua mpaka nikajiona ndani yake, na mfukoni nilikuwa na karatasi ya majina ya wazee kwa mpangilio wa kuwasalimia. Soksi tu ndizo sikuzikagua. Ya kulia ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, nikasema haidhuru, nani atavua kiatu kwa wakwe?

Kwa asiyelelewa Ukambani, nieleze kidogo. Mama wa mchumba wako humshiki mkono, hamkai meza moja, ukikutana naye njiani unampisha ukiangalia kando. Tunaita nthoni, ni heshima yenye woga ndani yake. Kwa hiyo mimi nilikaa ukumbini na wazee, na Mama Mwende alikaa jikoni, na kila kitu kilikwenda sawa.

Tukaomba, tukanywa chai, mazungumzo yakakauka tukingoja nyama. Ndipo Mutua, ndugu yake Mwende, akaniuliza, "Daktari, ni kweli bega likitoka wewe unalirudisha na teke?"

Ningecheka tu, yangeisha. Lakini lile neno teke liliniuma, kwa sababu si teke, ni kisigino, na kuna pembe maalumu ya kuvuta, basi nikaanza kueleza. Nikaona hawaelewi. (Hii ndiyo shida yangu, siwezi kuacha mtu na nusu ya ufahamu.) Nikamwambia Mutua atoke alale kwenye nyasi, nikavua kiatu, nikakunja kidole ili tundu lisionekane, nikamwekea kisigino kwapani na kuushika mkono wake. Wazee wakacheka. Watoto wakaanza kutuiga, boma zima watoto wakawa wamelala chini na miguu kwapani. Mmoja wa baba zangu wadogo alikohoa mara tatu na mimi sikumsikia. Mama Mwende alichungulia kutoka jikoni, akafunika mdomo kwa leso, akarudi ndani.

Nusu saa baadaye ikanyesha manyunyu. Mama Mwende akawa analeta sufuria ya muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, kutoka jikoni, akateleza kwenye ule udongo mwekundu, akadaka nguzo ya baraza kwa mkono mmoja, mwili ukaenda na mkono ukabaki. Sufuria ilibingirika mpaka mlangoni. Kutoka nilipoketi niliona bega limepoteza uduara wake na kuwa na kona. Nikiri ubaya wangu wote, kabla ya kumhurumia yule mama nilifurahi. La kumi na mbili, nikasema moyoni, na pengine leo nitajipa kumi.

Nikasimama. Watu wote wakanigeukia, lakini hakuna aliyeniangalia usoni. Waliangalia mguu wangu wa kulia.

"Ule mguu," akasema Shangazi Syombua, dada yake baba mwenye nyumba, mama mnene aliyeketi karibu na mlango, "hautafika hapa."

Sasa niambieni ningefanyaje. Pickup iliyotuleta imeondoka, itarudi saa kumi na moja, na hapo ni saa saba. Nikaeleza kwamba bega likikaa nje misuli hukaza na kulirudisha kunakuwa kugumu, nikaeleza vizuri sana, kwa ufasaha, na hakuna aliyesikiliza. Mmoja akataka apakwe mafuta ya kondoo. Mwingine akasema aitwe mzee fulani wa Kalamba anayejua mifupa, kana kwamba Kalamba ni hapo nyuma ya choo. Wa tatu akaanzisha wimbo wa kanisani. Na mimi nimesimama hapo na maarifa yote ya bega, na hakuna anayeyataka kwa sababu yalikuwa yanaishia kwenye kisigino changu.

Nikajaribu werevu. Nikasema kwa sauti, nikiangalia ukuta kama inavyotakiwa, "Mama, leo nihesabu mimi ni daktari tu, si mkwe."

Baba yake Mwende, mzee wa kanisa asiyependa maneno mengi, akaniangalia. "Kama wewe si mkwe," akasema, "hawa wazee na mbuzi wao wamekuja kufanya nini?"

Baba mdogo akaweka kikombe chini taratibu sana. Nikaelewa kwamba nikimgusa yule mama, bega litarudi na Mwende ataenda.

Basi nikamtuma Mutua. Yeye ni mtoto wake, na nimetoka kumfundisha, akavua kiatu, na mimi nikavua changu tena nikasimama mbali uani nikimwonyesha hewani namna ya kuweka kisigino. Akakiweka kwenye mbavu. Mama alipiga kelele moja, akamwambia Mutua ampishe kabla hajamlaani, na Mutua akatoka akiniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemzaa mjinga.

Hapo Mwende akanijia. Alikuwa na hasira, na si hasira ya mama yake kuanguka.

"Hicho kitabu chako kina njia moja tu?"

Nikataka kusema ndiyo. Lakini ukurasa ule nilioruka ukaja mbele ya macho yangu, na sababu ya kuuruka ilikuwa kiburi: ulisema mgonjwa alale kifudifudi mezani, mkono uning'inie, ufungwe uzito kwenye kifundo cha mkono, kisha daktari angoje. Angoje tu. Nilipoutupia jicho niliona hiyo si kazi ya daktari, mti pia unaweza kungoja.

Nikamwambia Mwende. Wakaondoa sahani kwenye meza ya wazee, wakamlaza, wakamfunga mkononi kwa leso mtungi wa lita tano ulio na maji nusu. Mimi nikasimama nje, mgongo wangu kwa dirisha, nikiuliza na Mwende akijibu. Mguse juu ya bega kwa nje, anasikia? Anasikia. Vidole anachezesha? Anachezesha. Nilikuwa natokwa jasho kwenye baridi ya Nunguni, kwa sababu bila picha ya eksirei ningejuaje kama hakuna mfupa uliovunjika?

Dakika ya tatu nikauliza kama limeingia. Dakika ya nne nikauliza tena. Ya tano nikasikia sauti ya Mama Mwende kutoka mezani, akimwambia Mwende na si mimi, "Mwambie huyo mtu anyamaze, ananikaza."

Ningenyamaza, yangeisha. Ya kumi ilipofika bila kitu nikashindwa, nikamwita Mutua nikamwambia aongeze maji. Mutua akaja na debe akamimina kama anayezima moto, maji yakafurika sakafuni, debe likamponyoka likalia kwenye saruji, na mimi kule nje nikadhani mama ameanguka kutoka mezani.

Nikakimbia ndani. Mguu mmoja una kiatu, mwingine una soksi (kiatu nilikiacha uani nilipokuwa nikimfundisha Mutua). Soksi ilikutana na maji. Nilianguka chali, nikateleza mbele ya wazee wote na tai yangu shingoni, na mguu wangu wa kulia ukaingia chini ya meza, ukasimama hapo hasa Mama Mwende alipokuwa ameinamisha uso wake ukingoni. Kidole gumba kilikuwa kimetoka chote.

Kisha Mama Mwende, ambaye hajawahi kunisemesha neno hata moja, akasema polepole kutoka juu:

"Huu ndio mguu mliotaka kuniwekea?"

Akaanza kucheka. Alijizuia akashindwa, akacheka mpaka mwili mzima ukalegea juu ya meza, na katika kulegea huko nikasikia, nikiwa bado nimelala kwenye maji, mlio mdogo kama mfuniko ukikaa kwenye sufuria. Bega limeingia.

Shangazi Syombua akasema heri ningeanza na kuanguka.

Wazee walinitoza mbuzi wa pili kwa kumwonyesha mama mkwe unyayo, na baba mdogo hakunisemesha mpaka Kikima. Mama aliubeba mkono kwa leso iliyofungwa shingoni wiki tatu, ukapona. Mwende nilimwoa. Kila Desemba napokea kutoka kwa mama yake jozi mbili za soksi, zinakuja kwa mkono wa Mwende bila neno lolote, kwa sababu nthoni bado ipo.

Usiku ule niliandika la kumi na mbili daftarini na sikujua nijipe alama gani, nikaacha nafasi. Baadaye nilikwenda kusomea upasuaji wa mifupa, na leo mabega ndiyo kazi yangu ya kila siku. Kisigino sikitumii tena. Naanza na mtungi, na kabla ya kumgusa mgonjwa namwuliza kama kuna sababu yoyote nisimguse. Halafu nangoja.