Saa Nzuri Nilizozificha

Nilimchukia yule meneja kabla sijajua anaishi wapi wala ana watoto wangapi, na baadaye nilipoambiwa, chuki yangu haikupungua.

Wakati huo nilikuwa nafundisha Kiswahili kwa video, nikiwa chumbani kwangu Mwihoko. Shule iliyoniajiri ilikuwa ng'ambo, na wanafunzi wangu walikuwa watu wazima wa nchi za mbali, ambako kwetu kukiwa alasiri kwao ndio wanaamka. Nilikuwa na vipindi vitatu kila siku, kuanzia saa nane. Kazi niliipenda. Halafu mtandao wa kampuni iliyotuunganisha hapa plotini, sisi wapangaji wote, ukaanza kukatika katikati ya vipindi. Ningekuwa naeleza tofauti ya "amekuja" na "alikuja", uso wa mwanafunzi unaganda mdomo wazi, na somo linaishia hapo.

Shule ikaniambia nipeleke barua ya kampuni inayothibitisha kwamba shida ni ya laini, si yangu. Niliona hilo ni jambo dogo. Nikaenda ofisini kwao Ruiru, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, nikapanga foleni hadi nikafika kwa meneja. Alikuwa mtu wa rika langu, shati limepigwa pasi vizuri, na alizungumza nami macho yakiwa kwenye simu yake.

"Mathe, mtandao iko sawa," akasema, akiniita mama ingawa tulikuwa rika moja. "Hawa wengine wote hawalalamiki, ni wewe tu. Pengine ni simu yako. Ama ni wewe hujui kuitumia."

Foleni ikacheka. Mwanamume mmoja nyuma yangu alicheka hadi akashika ukuta. Nilisimama pale, mimi mwalimu, nikasubiri wamalize, kisha nikaomba barua yangu. Meneja akasema ataandika.

Na kweli aliandika. Aliituma shuleni moja kwa moja bila kunionyesha. Alisema laini yangu ilikuwa nzima siku zote na kwamba shida ilikuwa ya mteja. Wiki hiyohiyo shule ikanitumia nakala yake, ikanishukuru kwa utumishi wangu na kunitakia heri.

Nilirudi ofisini na barua hiyo mkononi. Wakaniambia meneja hayupo, ingawa nilisikia sauti yake nyuma ya mlango. Nikatoka, nikakaa kwenye ngazi. Nikakuta watu wawili wamekaa pale tayari. Mmoja alikuwa mwanamke wa Kiandutu, kule Thika, mwenye gunia la viatu vya mitumba kando yake. Alikuwa akionyesha wateja viatu mtandaoni asubuhi, kabla hawajaingia kazini. Mwingine alikuwa mzee aliyevaa koti na tai, mwalimu mstaafu aliyesafiri kutoka Ngoliba.

"Na wewe umeambiwa ni simu yako?" yule mwanamke akaniuliza.

"Nimeambiwa."

"Mimi pia. Na huyu guka pia," akasema akimwonyesha yule mzee. "Sisi wote watatu, ati hakuna mwingine analalamika."

Hapo ndipo nilipopata wazo. Nilisema tuandike. Kila mtu kwake, saa zilezile, afungue ukurasa uleule, ahesabu umechukua muda gani kufunguka au kama haukufunguka kabisa, na aandike. Tuwaombe majirani pia. Nami nitakusanya yote kwenye daftari moja, ili siku meneja atakaposema tena mbele za watu kwamba ni wewe tu, tumfungulie kurasa. Yule mwalimu mstaafu akaniuliza tutaandika nini mtandao ukiwa mzuri.

"Tutaandika ni mzuri," nikajibu, bila kufikiria.

Tulianza Jumatatu iliyofuata. Saa tatu asubuhi, saa sita, saa nane na saa kumi na moja, ujumbe ulikuwa ukiingia kwenye simu yangu. Ukikosa kuingia kwa mtandao, uliingia kama ujumbe wa kawaida. Kinyozi wa hapa Mwihoko akajiunga, na fundi wa cherehani, na majirani kadhaa wa yule mwanamke wa Kiandutu. Nilichora mistari kwa rula. Sikuwa na kazi nyingine, kwa hiyo kazi yangu ikawa kumwandikia mashtaka yule mtu. Kila palipoandikwa "haukufunguka" nilihisi utamu kifuani, na ninasema hivyo nikijua si sifa njema.

Shida ilikuwa saa nzuri. Asubuhi pale Mwihoko mtandao ulikuwa ukienda bila tatizo. Nilizitazama zile alama za "mzuri" nikaona zinamtetea. Nikamwona mbele ya watu, akicheka, akiweka kidole chake kwenye saa tatu ya Jumanne: si huu hapa, mzuri? Basi nikaanza kuziacha, za kwangu na za wenzangu. Sikuandika uongo. Niliacha tu nafasi, kana kwamba hakuna aliyeniletea habari. Baadaye nikararua kurasa za wiki ya kwanza na kuzinakili upya bila zile saa.

Baada ya wiki kadhaa mwalimu alikuja kwangu, tai shingoni kama kawaida. Nilimkaribisha chai. Akaomba kuliona daftari. Akatoa kalamu na karatasi kutoka mfuko wa ndani wa koti, na nikaelewa kwamba alikuwa amejiwekea nakala ya kila alichonitumia. Alilinganisha polepole, mstari kwa mstari, jinsi alivyozoea kusahihisha.

"Mwalimu mwenzangu," akasema, "Jumatano jioni nilikuletea mzuri. Hapa hakuna kitu."

Nilimwambia ukweli. Nilisema simwandikii meneja saa za kujitetea.

Aliweka kikombe chini. "Mke wangu alikuwa mgonjwa mwaka mzima," akasema. "Binti yetu yuko mbali, alikuwa anatupigia kwa video kila Jumapili asubuhi. Jumapili ya mwisho mama yake aliomba amwone. Nilishika simu mbele ya uso wake hadi mkono ukafa ganzi. Ilikuwa inazunguka tu. Jumatatu akaaga dunia. Sasa, kama kuna mtu mwenye haki ya kudanganya kwenye hili daftari, ni mimi. Na mimi nilikuandikia mzuri ulipokuwa mzuri."

Alimaliza chai yake, akanipa maneno machache zaidi kuhusu kazi ya mwalimu, akaondoka kwenda kutafuta gari la Thika.

Nilikaa siku tatu nikirudisha saa nzuri. Nilikuwa bado na ujumbe wote kwenye simu. Kwa hasira nilizichora kwa kalamu nyekundu, ili zionekane chache kuliko nyeusi. Na ni hiyo kalamu nyekundu iliyonifungua macho. Upande wa Mwihoko, nyekundu zote zilikuwa asubuhi, mwisho saa sita. Upande wa Kiandutu na Ngoliba, nyekundu zote zilikuwa mchana na jioni, kuanzia saa nane. Hakukuwa na siku hata moja ambapo sote tulikuwa na nyekundu kwa wakati mmoja.

Nikampigia yule mwanamke wa Kiandutu kwa simu ya kawaida, ikiwa imebaki kidogo ifike saa saba.

"Usikate," nikamwambia. "Fungua ule ukurasa, ukikataa ufungue tena. Mimi pia nafungua."

Tulifungua na kufungua. Kisha ukurasa wangu ukasimama.

"Umeenda," nikasema.

"Umekuja," akasema yeye. "Wanatugawia moja, dadangu. Wanakunyima wewe wakinipa mimi."

Kampuni ilikuwa na mtandao wa kutosha eneo moja, nayo ilikuwa imeuuza kwa maeneo mawili, ikiuhamisha kila siku saa saba mchana na kuurudisha usiku. Barua ya meneja ilisema laini yangu ilikuwa nzima siku zote, ilhali vipindi vyangu vilianza saa nane. Alijua. Alikuwa anajua nilipokuwa nimesimama mbele yake nikichekwa.

Mwalimu aliandika malalamiko kwa mwandiko wake mzuri, akayapeleka kwenye ofisi ya serikali inayosimamia mambo ya mawasiliano. Ilichukua muda, lakini mwishowe wakaja maofisa wawili, na kikao kikafanyika katika ukumbi wa kanisa hapa Mwihoko. Meneja alifika na shati lake la pasi. Aliposimama alisema kile nilichokuwa nimekiota:

"Hawa watu wameandika siku mbaya peke yake."

Nilimpelekea ofisa daftari. "Tumeandika hata nzuri," nikasema. "Ni hizo nyekundu."

Ofisa, mwanamke mpole wa miwani, alizitazama kwa muda mrefu. Saa sita na nusu ilikuwa imeshapita. Nikamwomba tusubiri hadi saa saba, na nikampigia mwenzetu wa Kiandutu, aliyekuwa amebaki nyumbani kwa kusudi hilo, sauti ikisikika ukumbi mzima. Ofisa akaunganisha simu yake na mtandao wa kampuni, akafungua ukurasa. Sijui kama meneja alikuwa amesahau mitambo yake inajigeuza yenyewe, au alidhani sisi ni wajinga kiasi hicho. Nilimwona akiandika ujumbe haraka chini ya meza, jasho likimtoka juu ya mdomo.

Ukurasa wa ofisa ukaganda. Kwenye simu sauti ya Kiandutu ikasema, "Umekuja huku."

Nilimgeukia meneja. "Pengine ni simu yake," nikasema, nikimwonyesha ofisa. "Ama hajui kuitumia."

Ukumbi ulicheka. Kinyozi alicheka, fundi wa cherehani alicheka, hata pasta alicheka. Niliwaacha wacheke hadi mwisho, nikimtazama usoni. Kisha nikadai barua yangu, hapohapo, kwa mkono wake. Akaandika kwamba huenda kulikuwa na hitilafu. Nikamrudishia. "Futa hilo 'huenda'," nikamwambia. Aliandika mara tatu kabla sijaipokea, na mara ya tatu nilimfanya aisome kwa sauti.

Shule ilinijibu kwa upole. Ilisema inasikitika, lakini nafasi yangu ilikuwa na mtu mwingine tayari. Kampuni ilinyang'anywa kibali na mitambo ikazimwa, asubuhi na jioni, Mwihoko na Kiandutu. Meneja alipoteza kazi. Niliambiwa ana watoto wanne. Nilisikia tu.

Aliyenikasirikia alikuwa mwenzangu wa viatu. Kiandutu walikaa majuma mengi bila mtandao wowote, kwa kuwa kampuni nyingine haikuwa na haraka ya kwenda huko. "Wewe ulitaka kichwa cha mtu," akaniambia kwa simu. "Mimi nilitaka mtandao. Angalau mwanzoni nilikuwa na jioni." Nilitaka kumwambia kwamba sote tulidanganywa, lakini nilijua hilo silo alilokuwa anasema. Nilimwomba msamaha. Akakata simu.

Meneja nilikutana naye mara moja tu, soko la Ruiru, amebeba sukumawiki. Alisimama. "Madam, ulinimaliza," akasema bila ukali. Nilimwambia nilichofanya ni kuandika. Nikapita. Nilipofika mbele niligundua natabasamu, na sikujizuia.

Kampuni mpya ilipofika Kiandutu, yule mwanamke alinipigia, mwalimu akiwa kando yake, akasema tuanze tena kuandika, safari hii tangu siku ya kwanza, tusingoje kuumizwa. Alikuwa na sharti moja: daftari likae kwake. Mwalimu alikubali kabla mimi sijafungua mdomo. Siku hizi kila saa tatu asubuhi nafungua ukurasa, nahesabu, namtumia. Nikichelewa, ananipigia kuniuliza niko wapi.