Shangazi wa Bweni na Binti wa Kaka Yake

Vyuo vikuu vingi nilivyopitia hupeperusha bendera za nchi za wanafunzi wao langoni, kisha huwalaza wageni jengo lao na wenyeji jengo lao. Bweni moja tu nililiona likienda kinyume, na sababu yake ni msimamizi, mama mnene wa maneno machache ambaye wasichana wote humwita Shangazi. Kwake, wawili wa nchi moja hawalali chumba kimoja. Wakigombana ana mahakama yake: kila mmoja hukaa kwenye kitanda cha mwenzake, na mmoja akisema, mwingine kimya.

Mwaka niliofika alipokea binti wa kaka yake. Akampanga na mwanafunzi wa hisabati kutoka ng'ambo. Haukupita muda, binti akampigia baba yake simu akilia kwamba mwenzake ana dharau: kila asubuhi anasalimiwa, haitikii. Baba akaja mbio, akaanza kufungasha nguo za mwanawe. Mimi, mgeni wa chuo, nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Dada, mhamishie kwa mwenyeji mwenzake, la sivyo narudi naye nyumbani. Na undugu wetu uishie hapa hapa."

"Nikimhamisha kwa kuwa ni wako, hawa wengine waniite shangazi wa nini?"

 Shangazi akawaketisha wasichana, vitanda kwa kubadilishana. Binti akatoa yote yaliyokuwa moyoni. Zamu ya mwenzake ilipofika, akaeleza kwa Kiswahili cha kuokoteza kwamba kwao mtu hasemi na mtu kabla ya kunawa uso. Ni kumtupia uchafu wa usingizi.

"Wewe unanisalimia na tongotongo. Mimi nasema, huyu ananichukia kabisa."

Binti akashika mbavu kwa kicheko, na mwenzake naye akaambukizwa. Baba hakucheka. Aliuliza kama wanaondoka au hawaondoki.

"Nenda tu, baba. Mimi nabaki na huyu."

Akashuka ngazi bila kumuaga dada yake. Nilimwuliza Shangazi kama haogopi.

"Ndugu wakigombana, wewe shika jembe ukalime," akanijibu, macho yakiwa dirishani, yakilifuata gari.

Mpaka naondoka mji ule, kaka alikuwa hajapiga simu. Binti alikuwa bado chumba kile kile, ameshajua kuhesabu kwa lugha ya mwenzake, na kutukana kidogo.