Maharage Ndani ya Gunia la Sukari

Siku ya kwanza nilipokutana na Klementina wa Pito, kijiji cha jirani na mji wa Sumbawanga, aliligeuza debe langu kichwa chini mbele ya watu, akalibonyeza kitako kwa dole gumba, akauliza, "Mgeni, hili debe lako lina mimba ya miezi mingapi?"

Wanawake waliokuwa wanachambua maharage kwenye turubai wakaangua kicheko. Mimi sikuona haya. Nilikuwa nimetoka Rungwe na mtaji mdogo, na mnunuzi wa mazao anayetembea na debe lisilotanuliwa kitako bora abaki kwao alime. Nikavuta debe lake yeye, lile la kuuzia, nikatia mkono ndani. Ubavu ulikuwa umegongwa nyundo ukaingia kama tumbo la mtu aliyelala njaa.

"La kwangu lina mimba, sawa," nikamwambia. "La kwako lina utapiamlo."

Tukabishana mpaka kivuli kikahamia upande wa pili wa nyumba. Mwisho tukakubaliana: debe moja tunapima kwa langu, linalofuata kwa lake, hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Tumefanya biashara kwa mtindo huo miaka yote. Kupendana hatukupendana hata siku moja, na hakuna aliyelalamika.

Klementina ni Mfipa kwa baba na Mmambwe kwa mama. Ukoo wa mama yake umekatwa na mpaka kama muwa: kipande kiko huku, kipande kiko Zambia. Mama mwenyewe alitoka Mbala, upande wa Zambia, na alipofariki wakamrudisha kuzikwa kwao. Utotoni Klementina alikuwa akimfuata mama yake ng'ambo, ulezi uko nyuma ya baiskeli, wanarudi na chumvi na sabuni. Anasema hakuna aliyewahi kuwauliza ule ulezi umezaliwa wapi.

Mwaka 2000 nchi yetu ikajitoa COMESA, lile soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika. Klementina anasema alisikia redioni akiwa shambani anafukia nyasi kwenye matuta, na alidhani COMESA ni kampuni iliyofilisika. Hakuhangaika. Alianza kuhangaika baadaye, ndugu zake wa Mbala walipomweleza kwamba nchi zilizobaki ndani zimewawekea wafanyabiashara wadogo utaratibu wao: bidhaa zinajulikana, fomu ni nyepesi na inajazwa palepale mpakani. Mama wa Zambia na mama wa Malawi wanapishana na mizigo yao. Yeye, ambaye mama yake kazikwa upande wa pili, anaambiwa arudi mjini akatafute karatasi.

Tangu hapo kila baya lililompata alilitundika kwenye msumari huo mmoja. Bei ya maharage ikianguka, ni kwa sababu tulitoka. Hata kuku wake walipokufa kwa kideri alisema, "Tungekuwa ndani, chanjo ingevuka."

Mimi kutoka huko hakukunitia hasara, na sitajifanya kulia. Mlango ukifungwa, mwenye ufunguo ndiye anayekula. Nilikuwa nimesajili biashara, nina wakala pale mpakani Kasesya, najua karatasi ipi inatangulia ipi. Wanawake wa Pito hawakuwa na muda wa kukimbizana na vyeti, kwa hiyo waliniuzia mimi kwa bei ya Pito, nami nikauza Mbala kwa bei ya Mbala. Katikati pale palikuwa pangu.

Klementina alilijua hilo. "Mama Lwitiko," alikuwa akiniambia huku tunapima, "tukirudi COMESA wewe utakufa njaa."

"Ndiyo. Basi usije kwangu kukusanya saini za kurudi. Jaza debe."

Mwaka juzi akaja mgeni kutoka makao makuu ya wizara kutueleza fursa za masoko ya nje. Ukumbi ulijaa. Watu wa maharage, watu wa mchele wa bondeni, wauza dagaa kutoka Wampembe, wote walikuja, na hawakuja kupiga makofi. Mgeni alikuwa kijana, amejifunika koti zito, anaongea huku anapuliza viganja. Alipomaliza, Klementina akasimama.

"Karibu Sumbawanga, mwanangu. Baridi imekupata?"

"Imenipata, mama."

"Hiyo ni ya bure. Sasa niambie. Tulipotoka COMESA, nani alituuliza?"

Ukumbi mzima ukaguna. Kijana akatabasamu kwa adabu. Akasema uamuzi ule ulilenga kulinda viwanda vyetu na mapato ya ushuru, na isitoshe Zambia tuko nayo SADC, soko lipo, anachohitaji mama ni cheti cha uasili tu, cha kuonyesha bidhaa imetoka Tanzania.

"Viwanda!" Klementina akageukia watu. "Nionyeshe bomba moja la moshi Pito, na mimi nisaidie kulilinda!"

Watu wakapiga viti. Kabula, mama wa Kisukuma anayefuga na kulima jirani na Klementina, akapaza sauti kutoka nyuma: "Muulize hicho cheti kinapatikana Pito au tukipandie basi!"

"Na tukikipata, maharage yameshaota!" mwingine akadakia.

Kijana akaomba maswali yaandikwe, atayafikisha.

"Waliokuja kabla yako waliandikiwa," Klementina akasema. "Wakaondoka na karatasi zetu, tukabaki na maharage yetu." Kisha akaninyooshea mimi kidole, nimekaa zangu mstari wa mbele. "Kiwanda kinacholindwa ni hiki hapa! Kinakula, kinanenepa!"

Nilichekwa mpaka na watu niliowakopesha. Nikasimama. "Kiwanda hiki kinalipa kodi. Wewe unalipa nini zaidi ya kelele?"

"Cheti nitakichukua," akasema. Hakuwa anapiga kelele tena. "Msimu huu maharage ya Pito yatafika Mbala bila kupita mkononi mwako."

Hayakuwa maneno matupu. Leonidas, mtoto wa mjomba wake, ndiye mnunuzi wa vyakula wa shule moja ya bweni kule Mbala. Alikuwa amemwahidi: maharage yakifika kabla wanafunzi hawajafungua, shule ni yako kila muhula. Yakichelewa, nachukua kwa watu wa Kasama. Klementina akawakusanya wanawake wenzake, Kabula akiwemo, kila mmoja akatoa mavuno yake kwa ahadi ya kulipwa shule ikilipa. Wakifanikiwa, hawanihitaji tena. Wakishindwa, mwaka mzima uko juu ya lori, na lori liko chini ya jina lake.

Cheti alikipata. Alizungushwa, akarudi, akazungushwa tena, lakini alikipata, na kibali cha afya ya mazao pia. Kwa hilo namvulia kofia.

Alikosea kwenye magunia.

Sumbawanga nzima, mtu akitaka gunia gumu anatumia la sukari ya Zambia. Sukari yenyewe inaingia kwa njia zake, ikiisha gunia linabaki. Halichaniki, halivuji, bei yake ni ya kutupa. Tumezaliwa tukaliona hivyo. Maandishi yaliyo juu yake hakuna anayeyasoma, kama vile husomi maandishi ya fulana ya mtumba. Klementina alipokuja Izia, mtaani kwangu mjini, kupakia kwenye Fuso alilokodi, nilipita nikaona mzigo wote umevaa sukari.

"Magunia hayo yatakurudisha," nikamwambia. "Nunua meupe."

"Na meupe anayauza nani?"

"Mimi."

"Niondokee, Mnyakyusa wewe."

Sikumsukuma. Nilikuwa nataka kweli kumuuzia, na nilikuwa nasema kweli pia. Kwangu hivyo viwili huwa vinatembea pamoja, ila yeye alikuwa ameshanizoea.

Kesho yake nilikuwa Kasesya na mchele wangu. Na chini ya turubai, bando la magunia meupe. Nilimkuta Klementina anakabana na ofisa wa upande wa pili, mtu mtaratibu mwenye Kiswahili cha kuungaunga.

"Mama, cheti kinasema maharage ya Tanzania."

"Ndiyo."

"Gunia linasema sukari ya Zambia."

"Gunia ni gunia! Fungua utafune, uone kama ni matamu!"

"Mimi nalinganisha karatasi na mzigo. Mzigo umeandikwa Zambia. Nitajuaje haukutoka huku kwetu ukaenda kuchukua karatasi kwenu? Lipa ushuru wote kama hauna cheti, au rudi nao."

Hapo ndipo Klementina alipofunguka. Alimlaani aliyetutoa COMESA, akamlaani aliyemtuma, akailaani SADC na cheti chake, madereva wakashuka kwenye malori kusikiliza na wengine wakaitikia. Kulikuwa na watu wengi pale waliokuwa na la kwao moyoni. "Mama yangu kalala kwenye ardhi yenu!" akamalizia. "Nendeni mkamuulize mimi nimetoka wapi!"

"Mama yako hakuandikwa sukari," ofisa akasema, akamwita anayefuata.

Akazunguka maduka ya mpakani kutafuta magunia mengine. Waliyokuwa nayo wote ni ya sukari ya Zambia. Shule ilikuwa inafungua kesho kutwa. Akaja kwenye gari langu, hakunisalimia.

"Ulikuja nayo makusudi."

"Makusudi yangu ni biashara. Ninayo."

"Bei?"

"Sitaki hela. Nusu ya mzigo huu uniuzie hapa hapa kwa bei ya Pito. Tunaenda wote shuleni, wewe unauza nusu yako, mimi nauza nusu yangu."

Alitema mate karibu na kiatu changu. Karibu, lakini si juu yake. Hata kwa hasira alikuwa anapima. "Leonidas ni ndugu yangu."

"Na maharage yako ni sukari. Chagua."

Akaligeukia lile lori. Nadhani hakuwa anayaona maharage, alikuwa anamwona Kabula na wenzake wakimsubiri Pito. Kisha akasema, "Leta hilo debe lako lenye mimba."

Tukamwaga mzigo kwenye turubai mbele ya ofisa, tukaupima upya, moja kwa debe langu, moja kwa debe lake, maana hata hapo hakukubali vinginevyo. Tukajaza magunia meupe, tukashona, karatasi na mzigo vikalingana, tukavuka. Leonidas akapokea maharage yote, akalipa pande zote mbili, kisha akatoa simu akaniomba namba yangu. Klementina aliona. Uso wake ulifunga kama duka siku ya msiba.

Wakati wa kurudi alipanda gari langu, kwa sababu la kukodi lilishaondoka. Njia yote mpaka Matai alikuwa amepakata yale magunia ya sukari aliyoyaokota moja moja, anayakung'uta dirishani. Moja akaligeuza ndani nje ili mavumbi yatoke. Akalitazama. Akanitazama. Akalikunja hivyo hivyo lilivyogeuka, akalala. Mimi nilidhani anakung'uta tu.

Nilifika Izia nikapiga hesabu zangu. Habari ya sukari na cheti ilikuwa imeenea Pito nzima, wanawake wote sasa walijua karatasi inapatikana, na wote wangehitaji magunia meupe. Nikaagiza kutoka Mbeya marobota ya kutosha mkoa. Nikakaa mlangoni kuwasubiri.

Muhula uliofuata nikawakuta Kasesya. Lori zima la maharage ya Pito, Klementina amekaa mbele na cheti chake, na kila gunia limeshonwa ndani nje. Ukisogea karibu sana unaona kivuli cha maandishi upande wa pili. Ofisa hakulipwa kusoma vivuli. Alipiga muhuri.

"Mama Lwitiko," Klementina akanipungia kutoka dirishani, "gunia lina nje na lina ndani! Wewe ulijua nje tu, kwa sababu ndani hujawahi kukaa!"

Madereva wakacheka. Nikawaacha wacheke. Jambo lililokuwa mbele ya macho yangu njia nzima ya Matai lilinipita, na huo ndio ukweli wa biashara: anayeliona ndiye anayelila.

Sasa hali iko hivi. Pito hawaniuzii tena hata debe moja, na katikati pale palipokuwa pangu pameota nyasi. Marobota yako chumba cha nyuma Izia, panya wamezaa humo. Klementina ana njia yake. Lakini shule si yake peke yake tena. Kila muhula Leonidas anampigia yeye, kisha ananipigia mimi, anatushindanisha bei mpaka anaipata anayoitaka. Mimi napeleka maharage ya Laela, yeye ya Pito, na ndugu yake ndiye anayenenepa. Hilo hatanisamehe, na sijamwomba. COMESA bado tuko nje. Mgeni mwingine alikuja mwezi uliopita na koti lake, Klementina akasimama akauliza nani alituuliza, na safari hii, nisiseme uongo, na mimi nilipiga kiti.

Juzi alikuja nyumbani. Amesimama nje ya geti, haingii.

"Nasikia una magunia yasiyosema kitu."

"Ninayo."

"Siyataki ya kuvukia. Nataka ya kufunikia ulezi mvua isiupige."

Nikamtajia bei. Akacheka mpaka akashika geti. Akataja yake, na ilikuwa tusi. Tukashinda pale getini, na jua lilipohama nikamuuzia kwa hasara, nusu ya marobota. Aliyahesabu mwenyewe, kisha akageuza gunia moja baada ya jingine aone ndani.